Gurudumu la Nyuma ni Langu

Jumatatu, tarehe 3
Siku ya ishirini na mbili barabarini

Baba, shikamoo. Na wewe Mama shikamoo, maana najua umesimama nyuma ya kiti chake unasomea begani.

Baba, uliapa mbele ya watu pale kibandani kwamba hutapokea simu yangu mpaka nirudi, eti hutaki kusikia mtu mzima wa miaka thelathini na nne akilia porini. Sawa, kiapo ni kiapo. Lakini uliapia simu, barua hukuitaja. Kondakta wa basi la saa mbili usiku amekubali kuwa tarishi wetu, na wewe unajua kituo chake kilipo. Huna pa kukimbilia.

Tulianza waendesha baiskeli ishirini na wanne, tumebaki kumi na tisa. Wawili wameshindwa na magoti, mmoja tumbo, mmoja mkewe kajifungua kabla ya siku zake, na mmoja alisema anakwenda dukani mara moja kununua maji, hatujamwona mpaka leo. Tumeshakata kilomita elfu moja na mia sita. Zimebaki siku nane na kilomita mia tano na hamsini.

Mimi bado ndiye fundi wa msafara, na fundi huendesha wa mwisho. Ni sheria ya Kiongozi wetu, mwanajeshi mstaafu anayelala na filimbi shingoni: hakuna mtu kubaki nyuma ya fundi, ili kila aliyeharibikiwa nimkute njiani. Kwa hiyo kila siku nakula vumbi la watu kumi na wanane. Nyuma yangu liko gari la mizigo tu. Anayepanda gari hilo hata kwa kilomita moja hahesabiwi kuwa amemaliza safari. Kila jioni dereva wake ananiuliza kama nimechoka, nami namwambia kama anaona upweke ashuke asukume.

Nimeziba pancha sitini na moja na kubadilisha minyororo minne, yote ya watu wengine. Baiskeli yangu haijakata hata spoki moja.

Sasa neno langu. Ulisema mwisho wa mwezi huu unaacha kusuka magurudumu, na ile stendi ya kusukia, chuma chako cha kushikia gurudumu, unamkabidhi binamu. Naomba usimkabidhi kabla sijafika. Nina miaka kumi na tisa kibandani kwako, Baba. Naziba pancha, nafunga breki, napaka mafuta, nafagia. Gurudumu likija kusukwa, wewe unaingia nalo nyuma ya pazia na mimi nabaki nje na wateja. Ukasema kusuka gurudumu ni kazi ya mwanamume. Kusuka, Baba? Vichwani tusuke sisi, kwenye ringi msuke nyinyi? Nisubiri nifike. Nina kitu cha kukuonyesha, na ukishakiona ndipo uamue stendi ni ya nani.

Mwanao,
Mashoto


Jumatano, tarehe 5

Mashoto,

Marahaba. Usishangae mwandiko, ni wa mama yako. Mikono yangu ina grisi, sitaki kuchafua karatasi. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuongeza chumvi.

Kumbe hata spoki moja haijakatika. Nilijua. Jana nimemwambia kila aliyepita hapa, muuza magazeti, mshona viatu, hata yule jirani anayejifanya anajua kila kitu, kwamba magurudumu niliyomsukia binti yangu yamekwenda kilomita elfu moja na mia sita bila kulia. Mshona viatu akasema labda barabara ni nzuri. Nimemwondoa kwenye benchi langu. Unaona sasa kwa nini nilikataa katakata usiende na magurudumu ya dukani? Gurudumu halina maneno mengi. Likisukwa ovyo litakuaibisha mchana kweupe.

Habari ya stendi imekwisha. Binamu yako ni mtoto wa dada yangu, ni kijana mwenye nguvu, anaanza mwisho wa mwezi kama nilivyosema. Sikukatalii kwa chuki. Mkono wako wa breki kila mtu anausifu. Lakini gurudumu ni jambo jingine kabisa. Mtu anashuka mlima na roho yake yote iko juu ya spoki thelathini na sita, na spoki hizo kuna aliyezikaza. Kazi hiyo sitampa mtu kwa sababu tu ni mwanangu na ana mdomo.

Usinijibu juu ya hili. Kunywa maji mengi.

Baba yako,
Fundi Mkuu

Mimi mama naongeza hapa, kajiinamia anatafuta kiatu. Barua yako anatembea nayo mfukoni. Na huyo kijana mwenye nguvu wiki hii kaja kazini siku mbili, zote mbili simu iko sikioni. Kula, mwanangu. Nakujua wewe ukichoka huli.


Ijumaa, tarehe 7
Siku ya ishirini na sita

Baba, shikamoo.

Umesema nisijibu. Najibu.

Mdomo ninao, kweli, na nimeurithi kwa mtu ninayemjua. Lakini sijaomba stendi kwa kuwa mimi ni mwanao. Ungekuwa hukunizaa ningeiomba vilevile. Tena ungekuwa hukunizaa labda ungenipa, maana ningekuwa mteja anayelalamika na wateja unawasikiliza. Endelea kumwambia mshona viatu habari za magurudumu. Mwambie kwa sauti. Nikirudi nitamletea zawadi, maskini, ameondolewa bure.

Siku mbili hizi tumepanda milima. Mvua ilitukuta katikati, tukaendesha saa tatu tumelowa chapachapa, na hakuna aliyepanda gari. Kuna mzee mmoja kwenye kundi tunamwita Mwalimu, ana miaka sitini na mitatu, alifundisha hesabu mpaka wakamstaafisha kwa nguvu. Wanawe walimwambia atafia njiani. Kila tukifika juu ya mlima anajipiga picha akiwa amekunja uso, anawatumia bila maneno. Huyo ndiye mtu wangu. Tukiwa tunapanda ananisubiri makusudi, halafu ananiambia nimpite, na mimi siwezi kumpita kwa sheria ya Kiongozi, basi tunagombana kilomita nzima.

Jumapili tunapumzika. Jumatatu kuna mteremko ambao Kiongozi ameanza kuuhubiri tangu wiki iliyopita: kilomita kumi na nne, kona thelathini na mbili, ukuta wa mlima upande mmoja na hewa tupu upande wa pili. Jumanne tunamaliza.

Ombi dogo. Kile kishingo cha pampu kilichopinda, cha shaba, kipo kwenye droo ya chini. Nitumie kwa basi. Kwenye gurudumu la nyuma spoki zimekaribiana sana pale penye valvu, kichwa cha pampu kinaingia kwa taabu. Kila asubuhi nabambua ngozi ya kidole gumba. Nimechoka kujaza upepo kwa matusi.

Mwanao mwenye mdomo,
Mashoto


Jumamosi, tarehe 8

Mashoto,

Mama yako amenisomea barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nakunywa chai. Mara ya pili nikamwambia arudie pale penye pampu. Mara ya tatu nikasimama.

Nina miaka arobaini na moja katika kazi hii. Fundi akisuka gurudumu huanza kuhesabu kwenye tundu la valvu, ili pale penye tundu spoki ziachane, pampu ipate njia. Ni somo la siku ya kwanza. Anayelikosa ni mwanafunzi. Mimi sijalikosa tangu kabla hujazaliwa. Kwa hiyo gurudumu hilo si langu.

Nikamtuma binamu yako stoo. Nyuma ya magodoro ya zamani amekuta magurudumu yangu yote mawili yamezungushiwa shuka kama maiti. Ulisubiri nilale ukayavua, ukaweka ya kwako. Umenifanya niseme uongo mbele ya mshona viatu.

Sikiliza vizuri. Gurudumu langu la nyuma liko kwenye basi la leo, uzito wote hukaa nyuma, la mbele tutaonana nalo ukirudi. Vua lako, weka langu. Usipotaka, panda gari. Kiongozi wako nimempigia simu. Kiapo changu kilikuwa juu ya simu yako, si yake. Nimemwambia fundi wake ameketi juu ya kazi ya mwanafunzi na asimruhusu kushuka mlima huo.

Unaniona mkaidi. Niliwahi kuona gurudumu likifumuka mteremkoni. Mtu yule nilimbeba mimi kutoka mtaroni, na shingo yake ilikuwa haimshikilii tena kichwa. Sitabeba wa pili, sembuse wewe.

Na stendi usiitaje tena kwangu.

Baba yako,
Fundi Mkuu

Mwanangu, mimi nilisoma tu kama ulivyoandika, sikujua nasoma hati ya mashtaka. Nisamehe. Hajala tangu chai ya asubuhi. Weka hilo gurudumu lake, kwa ajili yangu, ukifika chini utupe mtoni ukitaka. Mama.


Jumapili, tarehe 9
Siku ya ishirini na nane, ya mapumziko

Baba, shikamoo. Mama, barua hii isome yote, usiruke hata mstari mmoja, hata akikuambia unyamaze.

Ni kweli, Baba. Magurudumu ni yangu, la mbele na la nyuma. Nimejifundisha miaka mitatu chumbani kwangu, kwa spoki ulizotupa na ringi zilizokataliwa na wateja. Nimesuka na kufumua, nimesuka na kufumua, mpaka vidole vikaota sugu. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini taa yangu haizimwi, nikasema nasoma magazeti. Haya niliyoyapanda niliyasuka mara ya mwisho wiki moja kabla ya safari. Nikasema nikifika nayo mwisho, nitayaweka mbele yako na hutakuwa na la kusema. Kosa la tundu la valvu ni langu, nalikubali, na kidole gumba kimeshaniadhibu vya kutosha. Lakini kilomita elfu mbili hazijui kama mimi ni mwanafunzi.

Kiongozi alikuja asubuhi na filimbi yake. Akasema, "Baba yako kanena. Weka gurudumu lake au panda gari." Nikapindua baiskeli mbele ya kundi zima. Nikafunga njiti ya kiberiti kwenye fremu, ncha yake karibu kabisa na ringi, nafasi ya unywele tu. Nikamwambia azungushe mwenyewe kwa nguvu zake zote za kijeshi. Akazungusha. Njiti haikuguswa. Akarudia mara tatu. Bado akasema wewe ni fundi kuliko mimi, una miaka arobaini na moja ya kazi, akanipa mpaka kesho saa kumi na mbili asubuhi niamue.

Basi likaleta gurudumu lako saa nne. Sasa nikueleze ya Mwalimu. Jana jioni, tukiwa tunaingia hapa, alitumbukia shimoni na gurudumu lake la nyuma likakunjika. Ringi haifai tena. Alikaa kwenye ngazi za nyumba ya wageni, mzee wa watu, akawa anafuta miwani ambayo haikuwa chafu. Siku mbili tu zilibaki. Nilipoona gurudumu lako nikasema, basi, hili litamfikisha Mwalimu. Mimi na langu, yeye na lako, na wewe utakuwa umeniokolea mtu.

Kabla ya kulifunga nikafanya unavyofanya wewe kila gurudumu likitoka nyuma ya pazia. Nikazishika spoki mbilimbili nikazibana, nikizunguka. Nikafika upande wa mnyororo, mkono ukasita. Spoki tatu zimelegea, Baba. Nikadhani ni basi, zimetikisika njiani. Nikaangalia vizuri. Ya nne jirani yake imepita juu ya mwenzake mahali ilipotakiwa kupita chini. Hiyo si basi. Hivyo ndivyo ilivyosukwa. Nikamwita Mwalimu azibane, yeye hajui tofauti ya spoki na uzi wa kushonea, naye akaniuliza kwa nini hizi tatu ni laini.

Unajua zile tatu zingefanya nini kwenye kona ya kumi, mtu ameshika breki na mzigo wa zana mgongoni. Wewe ndiye uliyenifundisha, kwa kelele, bila kujua unanifundisha. Kosa langu mimi linabambua kidole. Lako linavunja shingo. Na ukaniamuru nishukie hilo.

Nimekasirika, Baba, nakuambia waziwazi. Nililia pale barazani na ilikuwa ni hasira zaidi ya huruma. Wewe uliyetupa uani gurudumu la binamu kwa kukosea nafasi moja tu. Halafu nikaanza kufikiri. Barua mbili zimekuja kwa mwandiko wa Mama. Grisi gani hiyo isiyooshwa wiki nzima? Ulikuwa unatafuta kiatu ukiwa umekiinamia. Baba, unaona?

Gurudumu lako nimelifumua lote. Nimelisuka upya barazani kuanzia saa saba mpaka saa kumi, wote wamekaa wananitazama, na safari hii tundu la valvu nimelihesabu vizuri. Kesho Mwalimu anashuka nalo. Mimi nashuka na langu, na Kiongozi nimemwambia akitaka kunipandisha garini awaite wenzake wa kambini.

Mwanao,
Mashoto


Jumatatu, tarehe 10

Mwanangu,

Leo naandika yangu. Yeye yuko nje, hajui.

Nilisoma yote kama ulivyotaka. Nilipofika pale pa spoki tatu nilitaka kuruka, nikageuza karatasi, akaniambia endelea. Nilipomaliza aliinuka akaenda nyuma ya pazia akakaa mbele ya stendi, akawa anaipapasa kwa mikono. Chai ya asubuhi nilimpelekea hukohuko.

Sasa ujue. Macho yana ukungu, mwaka wa pili huu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, anaweza kutolewa, baba yako akasema daktari ni kijana mdogo. Ya mbali anaona kiasi, ya karibu haoni. Magurudumu ya wateja amekuwa akisuka kwa vidole, na binamu yako amekuwa akimsimamia na kumwambia ipi imepita wapi. Ndiyo maana stendi inakwenda kwa yule kijana, si kwa uhodari. Hana uhodari wowote, yule anataka kuuza simu, kaniambia mwenyewe. Inakwenda kwake kwa sababu ameshaijua siri. Ya kwako aliyasuka peke yake. Alisema ya mwanangu hayashikwi na mtu mwingine. Niliyaona macho yake ya ukungu yakifurahi magurudumu yalipokwisha, mimi nitajuaje spoki iliyolegea?

Nilimwambia akuambie. Akasema bora aonekane mkatili kuliko aonekane kipofu. Nikamtunzia siri hiyo miaka miwili, mwanangu, nikakuacha unune na kuvunjika moyo, na hilo ni kosa langu, silikwepi. Lakini nimechoka kutunza siri ya mtu anayejigonga kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Mnashuka leo. Ni saa nne sasa. Sijui naandikia mtu aliye wapi. Barua hii ikukute mwisho wa safari, na ikukute mzima.

Mama


Jumatano, tarehe 12

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo, barua yako imenikuta, na nimeisoma nimesimama.

Nimefika.

Mteremko ulituchukua dakika hamsini. Kiongozi alinitazama saa kumi na mbili kamili, mimi nimeshavaa kofia, akapuliza filimbi, tukaondoka. Nilishuka wa mwisho kama sheria inavyotaka, na Mwalimu mbele yangu, macho yangu hayakutoka kwenye gurudumu lake. Sikuwa na nafasi ya kuliogopa langu. Kwenye kona ya ishirini hivi kulikuwa na mchanga, akayumba, nikapiga kelele, gurudumu likamrudisha barabarani. Tulipofika chini aliketi kwenye nyasi akacheka mpaka akakohoa. Jana tumemaliza. Wametuita mmoja mmoja, kumi na tisa, na mimi wa kumi na tisa. Sijapanda gari hata hatua moja. Hakuna spoki iliyokatika, langu wala lile la Mwalimu.

Sasa Baba, ya macho nimeyajua, usimgombeze Mama. Nimekaa nayo siku nzima. Nakuhurumia, ndiyo, na bado nina hasira, na sitaificha moja ili nikuonyeshe nyingine. Macho yana miaka miwili. Pazia lina miaka kumi na tisa. Hiyo kumi na saba iliyobaki tuiiteje? Ulikuwa unaona vizuri wakati ule. Uliniona nimesimama nje ya pazia kila siku, na mikono hii.

Jumatatu ijayo asubuhi nitakuwa kibandani. Stendi siiombi tena. Nakuja kusuka magurudumu. Ukimpa binamu, nitatundika yangu kwenye nguzo ya mshona viatu, hatua kumi kutoka kwako, na utasikia wateja wakinipigia hodi. Na hospitali utakwenda, hata kama daktari bado ananyonya. Nitakubeba kwenye keria ya nyuma.

Tunakaa hapa mpaka Jumamosi kufungasha baiskeli za watu. Ukitaka kunijibu, basi unalijua. Usipotaka, nakuja vilevile.

Mwanao,
Mashoto


Ijumaa, tarehe 14

Mashoto,

Naandika mwenyewe. Herufi ni kubwa na zinapanda mlima, vumilia. Mama yako amekaa pembeni, nimemkataza kugusa kalamu.

Kwanza, hakuna anayeniamuru kibandani kwangu. Ya hospitali tutagombana ukifika. Kwenye keria yako sipandi.

Pili. Spoki tatu. Nilidhani vidole vyangu vinajua. Tangu Jumatatu nikifumba macho nakuona kwenye ile kona, na gurudumu ni langu. Ungenitii ningekuua. Nimeandika mstari huu mara mbili, karatasi ya kwanza imeharibika.

Tatu. Umeuliza ile miaka kumi na saba tuiiteje. Iite ujinga. Mama yako anasema niandike kiburi. Andika vyote viwili. Baba yangu alinifundisha kwamba kazi hii haishikwi na mwanamke, na mimi sikumuuliza kwa nini, nikakuambia wewe. Kila ulipouliza kwa nini nilipandisha sauti, kwa kuwa jibu sikuwa nalo. Sasa hivi pia sina.

Binamu yako nimemwambia. Alinishukuru mpaka nikaona aibu. Kesho anaanza duka la simu.

Nne, na hii ndiyo iliyonifanya niikamate kalamu. Leo asubuhi amekuja mteja, mgeni, hanijui. Kaleta gurudumu la nyuma limefumuka, anataka lisukwe upya, ana haraka. Nikamwambia aliache, arudi Jumatatu, fundi wa magurudumu yuko njiani anarudi. Akanitazama, akatazama zana, akatazama mikono yangu. Akasema, "Kwani fundi si wewe, mzee?"

Mshona viatu alikuwa amekaa benchini, anasikia. Nikamwambia yule mteja, "Mimi ni baba yake."

Baba